Mshono wa Mkono wa Kushoto

Fundi viatu alikuwa na mazoea mabaya. Kiatu kikirudi kimefumuka, hakukitazama kiatu. Alimtazama binti yake.

"Mashoto," alimwita, "kazi yako imerudi nyumbani."

Wateja kwenye benchi walicheka. Binti hakucheka. Alishona kwa mkono wa kushoto, kama marehemu mama yake, na baba mtu alishaamua zamani kwamba mkono huo haukazi uzi. Hata mkewe, fundi alimkataza kushona walipooana tu. Alimpa gundi na brashi, na mama wa watu akapaka viatu rangi mpaka alipougua. Fundi alisema wakubwa ndio waliomuua, maana magari yao yalikuwa na mafuta na gari la wagonjwa halikuwa nayo.

Kilipofumuka kiatu alichoshona mwenyewe, lawama ilihama. Uzi wa siku hizi ni utando wa buibui, alisema. Wakubwa wanaacha uozo uingie sokoni, na anayeaibika ni mtu mdogo. Kweli, uzi ulikuwa mbovu. Ila ulikuwa mbovu kwa mikono yote miwili, na hilo hakuliwaza.

Asubuhi moja alimwambia binti asishike tena sindano. Gundi na brashi zingemtosha, kama zilivyomtosha mama yake. Binti alizifunga sindano zake kwenye kitambaa. Akasema karakana ya ng'ambo ya barabara inatafuta mshonaji, na yeye ataenda. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha baba yake. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu.

Jirani yao alikuwa mshauri wa zahanati. Alisomea akili na tabia za watu, na alikuwa shoga wa marehemu. Aliposikia habari hizo alikuja, akakaa kwenye benchi.

"Shemeji, umejuaje kwamba mkono wa kushoto haukazi?"

"Kwa macho yangu. Miaka yote hii."

"Umeviona vilivyorudi. Viatu vyake ambavyo havikurudi umeviona wapi?"

Kiatu kizima hakirudi kwa fundi. Kinatembea zake.

Jirani alimweleza taratibu kwamba sote tuko hivyo, hata waliosoma. Tukishaamini jambo, tunaokota yanayolikubali na kuyaruka yanayolikataa. Ndiyo maana wanaochunguza tabia za watu hujiuliza, "Ni kitu gani kingeonyesha kwamba nimekosea?" Kisha hukitafuta kitu hicho. Tena hujifichia jibu, kwa sababu jicho likijua mapema, linapendelea.

"Mimi mshono wa kushoto nautambua hata gizani," fundi alisema.

"Basi mchana hautakushinda."

Jirani alipita nyumba za mtaani, akaazima viatu ambavyo wenyewe walijua nani alivishona. Alivifunga matambara, soli na mishono yake tu ikabaki nje. Ndani ya kila tambara aliweka alama ya mshonaji. Alivichanganya mpaka yeye mwenyewe akapotea. Binti aliambiwa atoke nje, uso wake usije ukamwonyesha baba jibu.

Fundi alivuta kila mshono kwa ukucha. Akavitenga: vya mkono wa kulia huku, vya mkono wa kushoto kule. Kimoja alikitupa upande wa kushoto bila kufikiri, akasema kimelegea kama mdomo wa mlevi. Kingine alikishika muda mrefu.

"Hiki changu," alisema. "Cha enzi zangu. Tazama uzi ulivyolala."

Walifungua matambara. Kilicholegea alikishona fundi mwenyewe. Vingi vya binti alikuwa amejipa mwenyewe. Na kile alichokishika sana kilikuwa kiatu cha jirani.

"Alinishonea mkeo," jirani alisema. "Jikoni kwangu, wewe ukiwa hapa kazini. Aliniomba nisikwambie."

Fundi alikigeuza kiatu, akakigeuza tena. Alitafuta mkubwa wa kumtupia lawama hii. Hakumpata.

"Si angeniambia," alisema.

"Ungemsikiliza?"



Jirani alisema jaribio moja halitoshi. Walirudia kwa viatu vingine, na tena fundi hakuweza kutenganisha mikono. Kushoto hakukuwa kubaya kuliko kulia. Ndipo wakaujaribu uzi nao. Walikuta uliopakwa nta unadumu, wakaacha ule mwingine, na viatu vinavyorudi vikapungua.

Binti hakwenda karakana ya ng'ambo. Anashona kwa mkono wake, na jina la Mashoto limekoma. Kiatu kikirudi, wote wawili wanainama kuutazama mshono kwanza, ndipo waseme. Brashi ya marehemu siku hizi anaishika fundi.

Majuzi jirani alileta kiatu chake kile, kisigino kimelika. Binti alinyoosha mkono akipokee, lakini baba alimwomba amwachie. Alibadilisha kisigino. Akapaka rangi polepole, akipita mbali na ule mshono, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.