Mama wa Bibi Harusi Anataka Kurudi Kwao

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sebuleni, pini mdomoni, akipunguza gauni la harusi. Mwanawe anaoa Jumamosi. Bibi harusi amesimama juu ya stuli. Mama yake, aliyefika jana kutoka mbali, amekaa kwenye kochi. Kiswahili hajui hata kidogo.

"Mwambie mama yako ukumbi tumepata," fundi alisema. "Mwambie atavaa kitambaa hiki. Mwambie atakaa meza ya mbele."

Binti akatafsiri mpaka koo likakauka. Mama yake akajibu kwa kifupi, akachukua mkoba wake.

"Kasemaje?"

"Anataka kurudi nyumbani." Akamgeukia fundi, machozi yakimlengalenga. "Mama, bila yeye mimi siolewi."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nimemkosea nini jamani? Nimeongea kwa sauti kabisa ili anielewe."

"Mtaa mzima umekuelewa," alisema jirani yake mlangoni. Alikuja kuchukua sketi yake. Kazi yake ni ukalimani hospitalini, na lugha ya mgeni anaijua. "Shoga, huyu si kiziwi. Hujamtazama usoni hata mara moja. Tena humuulizi, unamtangazia. Na binti ndiye anayeolewa, atatafsiri vipi mambo yake mwenyewe? Leo nitatafsiri mimi. Mtazame yeye. Sema 'wewe', acha 'mwambie'. Ongea kidogo, kisha subiri."

Fundi aliona aibu. Akaenda kukaa kochini, karibu na mgeni.

"Mkwe wangu, wewe ungependa harusi iweje?"

Jirani akatafsiri. Fundi alitaka kuongeza neno, jirani akamkonyeza atulie.

Mgeni akaanza kusema, macho kwa fundi. Jirani akatafsiri: "Sijazoea kukaa bure kwenye harusi. Nipe kazi. Halafu nina swali. Mwanangu akiumwa huku, nani atanipigia simu?"

"Mimi."

"Kwa lugha gani?"

Fundi akamsogelea zaidi. "Basi nifundishe kusema 'mtoto wetu anaumwa'. Na 'mtoto wetu hajambo'. Tuanze na hilo la pili."

Mgeni akacheka mpaka akashika mbavu. Akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akaanza kubana pindo la gauni kwa pini upande wa pili.

Harusi ilifanyika, na mama wawili walipokea wageni pamoja mlangoni. Wiki moja baadaye fundi alipiga simu mwenyewe. Akasema sentensi yake moja, polepole. Mkwe akajibu kwa maelezo marefu. Fundi hakuelewa kitu, lakini alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwita binti.