Mkono Uliobaki Begani

"Folda yangu usiiguse!"

Mpiga picha wa ukumbi wa sherehe alifoka akiwa mlangoni, kamera shingoni. Mchumba wake, msimamizi wa tovuti ya ukumbi, hakugeuka.

"Bosi kasema picha zote zipangwe. Yako imejaa takataka."

"Huna masikio?"

Akaubamiza mlango. Tangu aahirishe harusi yao, kauli zake zilikuwa hizo hizo, na mchumba yalimfika shingoni. Akaifungua folda.

Humo alikuta picha ya siku alipochumbiwa, imekatwa upande mmoja. Jamaa kabaki peke yake anachekelea. Yeye mwenyewe alibaki mkono tu, begani mwa jamaa. Kwa hasira akabofya "Futa". Mfumo ukagoma: "Picha hii inatumika kwenye ukurasa ambao haujachapishwa."

Ukurasa gani tena? Akaufungua.

"Karibuni kwenye harusi yetu." Bwana harusi ni mchumba wake. Bibi harusi, binti wa duka la maua, yule aliyeleta mapambo kila wiki akimsalimia, "Wifi, hujambo?" Kumbe haukuwa utani wa biashara!

Akampigia mchumba wake simu.

"Harusi yetu ni lini?"

"Si nilikwambia mwakani? Mbona king'ang'anizi hivyo!"

"Nilitaka kusikia tena."

Akakata. Akaitafuta picha nzima, akaipa jina lile lile, akaipandisha juu ya ile iliyokatwa. Mfumo ukauliza: "Ibadilishwe kila inapotumika?"

Ndiyo.

Kesho yake bwana akauchapisha ukurasa bila hata kuutazama, akautuma kwa ukoo mzima wa bibi harusi. Chai ilikuwa haijapoa ujumbe wa binti wa maua ulipoingia kwenye simu yake: "HUYO NI WIFI AU NANI???"

Akaingia ofisini mbio, jasho linamtiririka.

"Umenifanya nini wewe mwanamke?"

"Nimepanga picha."

"Umeniaibisha kwa wakwe!"

"Wakwe wapi? Wa mwakani?"

Binti wa maua alikuwa ameshafika nyuma yake, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu walionekana wawili wamekumbatiana, mbele yao keki imeandikwa "AMEKUBALI!"

"Wifi, nani alikubali hapa?"

"Mimi. Na mimi si wifi yako, mdogo wangu. Mimi ni mchumba wake."

"Aliniambia wewe ni dada yake, tumbo moja!"

"Jamani, nisikilizeni..."

"Nyamaza!" walimjibu kwa pamoja.

Binti alimsukuma kando akasogea mezani.

"Dada, huo ukurasa utoe. Sasa hivi. Na maua yangu asiyaguse tena."

Ukurasa ukatolewa. Msimamizi akaivua pete, akaiweka juu ya kamera ya bwana, kisha akarudi kwenye ile picha na kubofya "Futa".

Safari hii mfumo haukugoma. Picha ilikuwa haitumiki popote.