Siki ya Ndizi na Birika la Maji

Nilikuwepo kila mara shangazi Paskazia alipotengeneza maji ya siki ya kusafishia uso wa dada Odeta, na bado jambo la maana kuliko yote lilinipita. Niliona chupa, niliona siki ikimiminwa, nikasikia harufu yake kali ikijaa jikoni. Niliona hata birika la maji yaliyochemshwa na kupozwa likiinamishwa juu ya chupa hiyo. Nilidhani shangazi anaisuuza tu. Sikugundua kwamba maji yale hayakumwagwa.

Mwaka huo wa 1974 tulikuwa tukikaa Nyakato, mjini Mwanza, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Honi ya kiwanda ilipolia alfajiri, baba na mama walikuwa wamekwisha kunywa uji na kuondoka. Mimi nilifagia uwanja, nikachota maji bombani, kisha nikaenda shuleni. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetulea mchana. Alikuwa amekuja kutoka Bukoba kwa meli, na meli hiyohiyo ilimletea ndizi za kwao. Zile zilizoiva sana alizikamua, akatengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Iliyobaki chunguni ikichacha kabisa iligeuka siki, naye aliitia katika chupa na kuiweka juu ya kabati.

Kuhusu rubisi, shangazi hakuwa na mzaha. Siku moja wageni walizidi, na mama akanong'ona kwamba tungeweza kuongeza maji kidogo ili wote wapate.

"Waitu!" shangazi alishtuka kwa Kihaya. "Niwatilie wageni maji? Heri wanywe kidogo kuliko wanywe dharau. Nyumba inayoongeza maji haina aibu."

Maneno hayo yaliniingia moyoni. Niliamini kwamba maji huharibu kila kitu kizuri.

Nilipokuwa darasa la saba, uso wangu ulianza kutoka chunusi: kwanza kwenye paji la uso, kisha mashavuni. Mwalimu Kaijage alikuwa amenichagua kuongoza ngonjera ya Siku ya Wazazi. Ningesimama mbele, peke yangu, huku wazazi wote wakinitazama. Tulipokuwa tukipalilia shamba la pamba la shule, Nkwabi, mvulana aliyeshika upande wa kunipinga katika ngonjera hiyo, aliegemea jembe lake.

"Jamani, siasa ni kilimo!" alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Tazameni, Jovitha amelima mpaka usoni. Mtama umeota vizuri kabisa!"

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, kwa kuwa sikutaka waone machozi yangu. Jioni ile nilimwomba shangazi anitengenezee maji kama yale ya dada Odeta.

"Odeta ni mtu mzima, na ngozi yake naijua," alinijibu. "Yako bado inakua. Osha uso kwa maji na sabuni, usitumbue hizo chunusi, halafu uwe na subira."

"Lakini Siku ya Wazazi imekaribia, shangazi."

"Wazazi wanakuja kusikiliza sauti, mwanangu. Uso wako wanaujua tangu ulipokuwa unatambaa."

Sikutosheka. Jumamosi shangazi aliposhuka bandarini kupokea ndizi zake, nilipanda juu ya kiti nikaitoa chupa ya siki. Rafiki yangu Teodora alikuwa amekuja ili tufanye mazoezi ya ngonjera. Alinitazama nikilowesha pamba.

"Hiyo si inatiwa maji kwanza?" aliuliza.

"Maji? Unataka nipake dharau?" nilimjibu kwa majivuno. "Sisi kwetu hatuongezi maji."

"Haya, mimi simo," alisema, akafunga pua yake kwa ukosi wa gauni.

Nilibandika pamba iliyolowa chepechepe kwenye mashavu yote mawili. Ilichoma. Nilijiambia kwamba dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi, nikauma meno. Kadiri tulivyoendelea na mazoezi, ndivyo uso ulivyozidi kuwaka, mpaka sauti ikanikatika katikati ya ubeti. Teodora hakungoja ruhusa yangu. Aliivuta ile pamba, akanikokota mpaka bombani, akanimwagia maji usoni tena na tena. Nilipojitazama kwenye kioo, mashavu yangu yalikuwa mekundu na yamevimba, na mahali pa chunusi ngozi ilikuwa imechubuka.

Shangazi alirudi, akatua kapu la ndizi mlangoni.

"Shikamoo, shangazi," nilisema huku nikigeukia ukuta.

"Marahaba. Geuka nikuone. Uso umefanya nini?"

"Ni mvuke, shangazi. Mvuke wa ugali."

"Ugali wa nani? Jiko limelala baridi tangu asubuhi."

Teodora alitazama vidole vya miguu yake. Shangazi aliinama karibu nami, akavuta pumzi, na nikajua kwamba harufu imekwisha kusema kabla yangu. Hapo nililia, nikamweleza yote: Nkwabi, kiti, pamba, na kwamba sikutia maji kwa sababu nyumba inayoongeza maji haina aibu.

Nilingoja fimbo. Badala yake shangazi aliketi polepole juu ya kigoda.

"Kwa hiyo ni maneno yangu yaliyokuchoma," alisema. Kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Twende zahanati, mwanangu."

Nesi Dorotea alinichunguza kwa makini, akanipaka dawa ya kutuliza. "Siki ni asidi," alieleza. "Ikiwa kali hivi, na kubandikwa kwa muda mrefu, huunguza ngozi. Huyo aliyekuosha mara moja kwa maji mengi amekuokoa na kovu."

"Na ile ninayoichanganya na maji mengi?" shangazi aliuliza. "Mkubwa wake huitumia."

"Kama haimwashi, sawa. Lakini haimfai kila mtu, mama, wala si tiba ya chunusi zote. Mtu aijaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, angoje mpaka kesho. Ikiwasha, aiache. Na huyu asipake kitu kingine mpaka apone."

Jumatatu nilikwenda shuleni nikiwa na hofu moja tu: kwamba nafasi yangu imepotea. Mwalimu Kaijage alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia Teodora.

"Wewe unazijua beti zote. Je, utaongoza ikibidi?"

Teodora alikuwa na sauti nzuri, na niliwahi kumsikia akitamani nafasi hiyo. Alisimama wima.

"Mwalimu, Jovitha hajaungua ulimi," alisema. "Aongoze yeye. Mimi nitaitikia."

Darasa lilicheka, na safari hii kicheko hakikuniuma. Nkwabi hakucheka. Wakati wa mapumziko alinifuata, akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mimi nilikuwa natania tu," alisema. "Sikujua utajiunguza. Samahani."

Siku ya Wazazi ilipofika, uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini ngozi ya mashavuni ilikuwa bado inabambuka, na chunusi mpya mbili zilikuwa zimejitokeza kidevuni. Tulipokuwa tukijipanga, nilijificha nyuma ya Teodora. Nkwabi alininong'oneza kutoka upande wa wapinzani: "Ongoza, kiongozi. Ukichelewa nitashinda mimi." Nikapiga hatua mbele. Nilimwona baba, nikamwona mama aliyeomba kubadilishiwa zamu, na katikati yao nilimwona shangazi, amefumba macho, anasikiliza sauti. Nilianza ubeti wa kwanza kwa ajili yake. Kabla sijaumaliza nilikuwa nimesahau kwamba nina mashavu.

Jioni, mama alipokuwa akisimulia kwa majirani jinsi watu walivyopiga makofi, niliwashukuru wote mmoja baada ya mwingine: mama na baba, dada Odeta aliyenipikia uji laini nisiumie nikitafuna, na Teodora, ambaye mkono wake niliushika kwa nguvu. Shangazi aliniita jikoni. Alishusha chupa ya siki, akaweka birika kando yake.

"Mgeni tunamheshimu kwa rubisi isiyoongezwa maji," alisema. "Lakini ngozi tunaiheshimu kwa kipimo. Maji ni dharau mahali pamoja na ni uhai mahali pengine, na mtu mwenye akili huuliza yuko mahali gani. Mimi nilikufundisha nusu ya jambo. Wewe ukaficha nusu nyingine kwa uongo wa ugali. Tangu leo, mimi nitaeleza mpaka mwisho, na wewe utauliza kabla ya kupaka."

"Ndiyo, shangazi. Asante."

"Hiyo asante mpe Teodora na bomba la maji," alijibu, akatabasamu.

Uso wangu ulipona taratibu kwa maji, sabuni na subira, nao haukuhitaji siki. Lakini tangu jioni ile mimi ndiye niliyemchanganyia dada Odeta maji yake ya uso, nikianza na birika. Na chupa ya siki ilishushwa kutoka juu ya kabati, ikawekwa mahali ambapo kila mtu aliweza kuifikia na kuuliza.