Kosa la Karani, Jibu la Diwani

Kila asubuhi Mama Pacha huwasha pasi yake ya mkaa kabla wanawe hawajaamka. Kazi yake ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mumewe, Baba Pacha, ni fundi viatu. Kibanda chake kipo mbele ya nyumba, chini ya dirisha. Kwa hiyo mume na mke hushinda wakizungumza kupitia dirishani, huyu na nyundo yake, huyu na pasi yake.

Watoto wao pacha wana miaka mitatu. Wa kwanza anaitwa Makelele, kwa sababu alizaliwa akilia na tangu hapo hajui kunyamaza. Wa pili anaitwa Kimya. Makelele husema kwa niaba ya wote wawili.

"Kimya ana njaa! Kimya anataka kubebwa!"

"Na wewe je?" mama yao huuliza.

"Mimi pia!"

Katika nyumba hiyo anaishi pia dada mdogo wa Baba Pacha, wifi yake Mama Pacha. Mtaa mzima humwita Kengele, kwa sauti yake nzuri inayosikika mbali. Kengele ni karani katika ofisi ya diwani.

"Wifi, blauzi yangu tayari?" aliuliza asubuhi moja, chai mkononi.

"Tayari. Ukiingia nayo ofisini, mheshimiwa atakupisha kiti chake."

"Kiti chake kitupu siku zote, wifi. Mheshimiwa ni mtu wa safari. Ofisi ni mimi na feni, na feni yenyewe haizunguki."

Walicheka. Lakini siku hizo kicheko kilikuwa adimu mtaani. Bomba la maji lilikuwa limepasuka, na maji machafu ya mtaro yakaingia ndani yake. Bwana afya, yaani ofisa anayesimamia usafi na afya ya mtaa, alikuwa amesema wazi: maji haya msinywe mpaka niyapime. Basi watu wakawa wanateka maji mtaa wa pili, ng'ambo ya kilima. Mama Pacha alibeba ndoo mpaka shingo ikakakamaa. Maji ya kufulia yalimtosha kwa shida. Ya kunywa aliyachemsha, kidogo kidogo.

Alasiri moja gari la matangazo lilipita. Matangazo yote ya diwani yalianza kwa maneno yale yale, kwa sauti yake mwenyewe:

"Ndugu zangu! Ni mimi diwani wenu, mtumishi wenu, nisiyelala kwa ajili yenu!"

Maneno hayo diwani aliyasema mara moja tu, yakarekodiwa. Hata akiwa safarini, sauti yake ilizunguka mtaani. Baada ya hapo ilifuata sauti ya Kengele, iliyosoma habari yenyewe. Siku hiyo ilisema:

"Bomba la mtaa wetu limekwisha kutengenezwa. Maji sasa ni salama. Karibuni mteke!"

Wanawake walipiga vigelegele. Ndoo zilipangwa foleni mpaka barabarani. Mama Pacha alijaza pipa, akajaza na sufuria zote. Siku hiyo hakuchemsha. Diwani amesema ni salama, achemshe ya nini?

Siku ya pili yake Makelele aliharisha. Jioni alikuwa amelegea kama kitambaa kilichotoka kwenye maji. Hakulia. Hakusema Kimya anataka nini. Aliangalia dari tu.

"Baba Pacha! Mtoto hasemi!"

Baba Pacha aliacha kiatu na sindano ndani yake, akambeba mtoto mbio hadi zahanati. Walikuta mabenchi yamejaa majirani, kila mmoja na mgonjwa wake. Muuguzi alimpa mtoto maji yenye dawa, kijiko kimoja kimoja.

"Mpe kidogo kidogo, usichoke," alisema. "Mtoto akiharisha, maji ya mwili yanakwisha. Hicho ndicho kinachoua upesi. Mmekunywa maji gani?"

"Ya bomba. Tulitangaziwa ni salama."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Kila mtu hapa ananiambia hivyo hivyo."

Makelele alipona. Alirudi nyumbani mgongoni mwa mama yake, mwepesi kama unyoya, akanong'ona, "Kimya anataka uji." Mama Pacha alicheka na kulia kwa pamoja.

Hata uji haujaiva, gari la matangazo likapita. Safari hii diwani alisema yote mwenyewe.

"Ndugu zangu! Nimerudi safari nimekuta watu wanaugua. Nimesikitika sana. Kosa hili limefanywa na karani wangu. Mimi sikuwepo. Karani huyo nimemfukuza kazi leo. Ahsanteni!"

Gari likaondoka. Punde Kengele akaingia mlangoni. Alibeba vitu vyake vya ofisini ndani ya mfuko wa plastiki: kikombe, kanga na kalamu mbili.

Nje, watu walikuwa wamekwisha kusanyika.

"Mama Pacha! Wifi yako ametunywesha mtaro!"

"Sauti tamu, moyo mchungu!"

Baba Pacha alifunga dirisha kwa kishindo. Alimgeukia dada yake. "Umetuaibisha. Mwanangu nusura afe."

"Kaka, naomba unisikilize. Nilipita pale bombani nikamwona fundi bomba anafungasha vifaa vyake. Nikajua kazi imekwisha. Kumbe alikuwa ameziba tu. Maji yalikuwa hayajatiwa dawa wala kupimwa."

"Hukumwuliza bwana afya?" aliuliza Mama Pacha.

Kengele aliinamisha kichwa. "Sikumwuliza. Ofisini kwetu hatuulizi, wifi. Nikisikia habari naiandika, naisoma, gari linaondoka. Mheshimiwa alisema nisimpigie simu kwa mambo madogo."

Mama Pacha alimpenda wifi yake kama mdogo wake wa tumbo moja. Lakini usiku ule hakuweza kumtazama usoni. Kila alipojaribu, alimwona mwanawe akiangalia dari.

Kesho yake alipeleka nguo alizopiga pasi kwa Msusi, jirani yake. Msusi ana saluni yenye viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na mikutano ya diwani haikosi hata mmoja. Alikuwa akimsuka Muuza Mkaa, mama mwenye mdomo usio na breki.

"Huyo karani angefungwa kabisa!" alisema Muuza Mkaa. "Maskini diwani wa watu. Hata hakuwepo."

Msusi alisimamisha vidole. "Dada, nikuulize. Yule msichana ninayemfundisha kazi hapa, akikuunguza kichwa kwa dawa ya nywele, utamfuata nani?"

"Nitakufuata wewe! Saluni ni yako."

"Hata kama nilikuwa sokoni?"

"Sokoni nilikutuma mimi? Utajibu wewe!"

"Haya. Na daraja la kule chini lilipojengwa, diwani alisema nani kalijenga?"

"Alisema yeye."

"Alibeba mawe?"

Muuza Mkaa alicheka mpaka msuko ukamponyoka Msusi mikononi. "Yule? Hata mwavuli hubebewa!"

"Basi sikilizeni. Sifa za kazi ya watu wake anazipokea. Na makosa yao ayapokee pia. Kosa ni la Kengele, hilo lazima aliseme mwenyewe. Lakini jukumu ni la diwani. Yeye ndiye aliyemweka pale. Yeye ndiye aliyepanga ofisi ifanye kazi bila mtu wa kukagua. Sisi hatukumpigia kura karani. Tulimpigia kura yeye."

"Lakini amekwisha kumfukuza," alisema Mama Pacha. "Si amechukua hatua?"

"Kumfukuza kumetia dawa bombani?"

Mama Pacha aliweka furushi la nguo kitini. Ni kweli. Watu walikuwa wamejua nani wa kumtukana, lakini hakuna aliyejua kama maji yanafaa. Bomba lilikuwa vile vile.

"Na karani mwingine akija kesho," Msusi aliendelea, "naye atasoma tangazo bila kuuliza mtu. Tutaugua tena, tufukuze tena. Mpaka lini?"

"Sasa tufanye nini? Twende tukamzomee?"

"Ukimzomea, atapata sababu ya kuondoka. Mkutano wa hadhara upo Jumamosi. Nenda na maswali. Nini kilitokea? Nani alipaswa kukagua? Maji yatasafishwa lini? Na utafanya nini lisitokee tena? Uliza kwa adabu, lakini usikae chini mpaka ujibiwe."

"Mimi? Mbele ya watu wote wale? Ulimi utanata!"

"Mtoto aliyelala zahanati ni wa nani?" aliuliza Msusi kwa upole.

Mama Pacha alirudi nyumbani akimwaza wifi yake. Alimkuta anawafulia pacha nguo, macho yamevimba.

"Wifi," alisema, "nina hasira na wewe bado. Lakini Jumamosi tutakwenda pamoja. Wewe utasema la kwako. Diwani aseme la kwake."

Kengele alifuta mikono. "Watanirushia mawe."

"Basi wataniponda na mimi."

Siku zote zile Mama Pacha alipiga pasi huku akisema maswali yake kwa sauti. Baba Pacha alimsikiliza kutoka chini ya dirisha.

"Sema polepole," alimwambia. "Unauliza kama unafukuza kuku."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Diwani alikaa mbele na miwani yake mizuri. Pembeni alikaa bwana afya. Diwani alisema kwa kifupi, "Ndugu zangu, karani nimemfukuza. Suala hilo limekwisha. Tuendelee na mengine."

Kengele alisimama. Watu wakaguna. Sauti iliyozoea kusikika mtaa wa pili sasa ilitetemeka.

"Ni mimi niliyetangaza. Nilimwona fundi anaondoka, nikadhani maji ni salama. Sikumwuliza bwana afya. Nilikosea, na watoto wenu waliumia. Hata wa kaka yangu. Naomba mnisamehe."

Watu hawakutegemea hilo. Kabla Kengele hajakaa, Mama Pacha akasimama.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Karani amesema lake. Mimi nauliza lako. Ofisini kwako nani hukagua tangazo kabla halijatoka?"

"Mama, mimi sikuwepo. Nilikuwa safarini."

"Sauti yako ilikuwepo, mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Eeh!" Diwani alivua miwani.

"Gari lilipopita," Mama Pacha aliendelea, "nilisikia, 'Ni mimi diwani wenu.' Kwa sababu hiyo sikuchemsha maji. Sikumwamini karani, nilikuamini wewe. Sasa umemfukuza yeye. Je, maji ni salama leo? Maana nyumbani pipa ni tupu, na sijui niteke hapa au ng'ambo ya kilima."

Diwani alimtazama bwana afya. Bwana afya akatikisa kichwa. "Bado, mheshimiwa. Hayajatiwa dawa. Hakuna aliyeniambia nianze. Na tangu niletwe hapa, ofisi yako haijaniuliza kitu kabla ya kutangaza."

Diwani alipangusa miwani yake kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama," alisema mwishowe, "nilirekodi sauti yangu ili nisisumbuliwe. Nikamwachia karani jina langu, nikaenda zangu. Hakuna niliyemweka akague. Hilo ni langu. Nilipomfukuza, nilitaka mwache kuniangalia mimi. Nisameheni."

"Na maji?" aliuliza Mama Pacha. Alikuwa bado amesimama.

"Dawa itatiwa kuanzia kesho asubuhi. Mpaka bwana afya aseme ndiyo, gari litawaletea maji ya kunywa. Na habari yoyote ya afya haitatangazwa kabla bwana afya hajaikubali. Nitaitangaza mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Ile sauti ya zamani naifuta. Karani atarudi kazini, atapewa onyo kwa kosa lake, na atafundishwa."

"Na wewe utapewa onyo na nani?" alipaza sauti Muuza Mkaa.

Diwani alitabasamu kwa aibu. "Mmekwisha kunipa, dada."

Ukumbi ulicheka. Mama Pacha akakaa.

Kazi ilianza kesho yake kama alivyoahidi. Siku chache baadaye diwani alipita na gari la matangazo. Sauti ilikuwa yake, ya siku ile ile, imekwaruza kwa mafua.

"Ndugu zangu, bado. Maji yamepimwa, hayajawa safi. Msinywe. Nitawaambia tena."

"Bado tena!" alinung'unika Baba Pacha, akagonga msumari. Kisha akafikiri. "Lakini angalau leo tumeambiwa ukweli."

Walisubiri. Walichemsha. Ofisini, Kengele alimpigia bwana afya simu kila siku mpaka akamtania, "Binti, unanipigia kuliko mke wangu." Wale waliomtukana walianza kumsimamisha njiani, wakimwuliza kwa heshima, "Vipi, Kengele, tayari?" Naye alijibu, "Bado. Sitasema tayari mpaka nipewe neno."

Asubuhi moja neno lilitoka. Watu walikusanyika bombani na ndoo zao. Bwana afya aliwaambia kwamba maji yamepimwa na ni safi. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameumwa na nyoka, ung'ongo ukawashtua.

Mama Pacha alichukua kikombe, akakikinga, kikajaa. Akampa diwani kwa mikono miwili.

"Tafadhali, mheshimiwa. Uanze wewe."

Diwani alikunywa. Hakuonja tu, alikunywa mpaka chini, akakigeuza kikombe watu wote wakaona.

"Nikiugua," alisema, "msimtafute karani."

Muuza Mkaa alikuwa wa kwanza kucheka, na wa kwanza kusogeza ndoo yake.