Matone Matatu ya Zambarau

Kila Alhamisi baada ya mapumziko, Chepkemei alikuwa wa kwanza kwenda kisimani na mkebe wake kuteka maji ya somo la Sanaa. Shule yao, karibu na Endebess, ilikuwa na brashi nne tu, kwa hiyo wanafunzi wa darasa la saba walijitengenezea za mkonge. Walitafuna ncha mpaka nyuzi zikalainika. Brashi hizo zilinyonya maji mengi, na kila mtu alizoea kuikung'uta yake alipomaliza.

Muhula huo wa mwaka 1988, darasa lilikuwa limeandika hadithi na kuzishona ziwe kitabu. Kilichobaki ni jalada. Mwalimu Edah aliwaambia kuwa picha bora ingebandikwa mbele, na kitabu kingepelekwa kwenye maonyesho mjini Kitale.

Chepkemei alichora Mlima Elgon kwa zambarau aliyoichanganya mwenyewe. Jentrix, mwenzake wa dawati aliyehamia kutoka Bumula, alichora nyanya yake akipepeta mahindi chini ya anga ya manjano hafifu. Kila aliyepita alisimama kuitazama.

Picha zilianikwa kwenye nyasi, kila moja imekandamizwa kwa gunzi la mahindi. Kimaiyo aliwekwa kuzilinda dhidi ya kuku wa mwalimu mkuu. Kimaiyo alipokuwa akimfukuza jogoo, Chepkemei alifika na picha yake, brashi bado mkononi, na bila kufikiri akaikung'uta. Matone matatu ya zambarau yakaangukia anga ya Jentrix.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akatandaza picha yake, akarudi darasani.

Jentrix alipoiona picha yake hakulia. Aliishika tu kwa mikono miwili. Wenzake ndio waliomgeukia Kimaiyo.

"Si wewe ulikuwa unachunga? Ati hata hukuona?" Nyongesa aliuliza.

"Nilikuwa nafukuza jogoo."

"Basi jogoo ndiye fundi wa rangi."

Darasa lilicheka, na tangu hapo wakamwita Jogoo. Kimaiyo alimwendea Jentrix akamwomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Chepkemei aliinamia daftari lake.

Kesho yake Jentrix alimega pera lake na kumpa Chepkemei nusu. Alisema hakuwa na kinyongo na Kimaiyo, na kwamba alitumaini picha ya Chepkemei ndiyo itakayochaguliwa. Chepkemei alilitafuna kidogo tu, asilimeze. Alilitemea kiganjani, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, si Kimaiyo," alisema akitazama miguu yake. "Ni mimi."

Mwalimu Edah alimsikiliza hadi mwisho. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba maneno hayo yaliwahusu Kimaiyo na Jentrix zaidi kuliko yeye mwalimu.

Kwa hiyo Chepkemei alisimama mbele ya darasa akayarudia. Jentrix alimgeukia.

"Na pera langu ukala," alisema polepole.

Machozi yalimtoka Chepkemei. Kutoka nyuma, Kimaiyo akasema, "Jogoo ameshinda kesi," na hata Jentrix akatabasamu kidogo.

Mwalimu Edah alilowesha yale madoa kwa maji safi, akayagandamiza kwa kitambaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yalififia, lakini hayakutoka yote. Hata hivyo, picha ya Jentrix ndiyo iliyochaguliwa, na Chepkemei akapewa kazi ya kuibandika. Alipaka gundi taratibu hadi pembeni.

"Rangi ya maji ikiwa bado mbichi, hutoka kwa kitambaa tu," Mwalimu aliliambia darasa. "Ungeniita palepale, Chepkemei, anga hii ingekuwa safi, na Kimaiyo asingechekwa. Kosa likikutoka, liseme lingali bichi. Ukingoja likauke, utalifuta, lakini alama itabaki."