Chupa Mbili kwa Kila Nyumba

Nzilani alimwaga beseni la maji ya sabuni bila kutazama, yakaishia kwenye viatu vya kijana aliyekuwa akikatiza uani na katoni mikononi.

"Pole! Kwani hukuona watu wanafua?"

"Niliona mfuaji tu," alijibu kijana, macho kwenye kitambaa cha manjano alichojifunga Nzilani kichwani.

Mbinya, aliyefua naye shuka za nyumba moja ya wageni katika mji wa Salama, alicheka hadi akaketi chini. Ulikuwa mwaka wa 1998, kipindupindu kimeingia mjini, na kijana huyo, Mutie, alikuwa afisa wa afya aliyetumwa kugawa klorini.

Wiki mbili hazikuisha, simu ya mapokezi ikawa inalia kila saa nne asubuhi, Mutie akimtafuta Nzilani.

"Umekula, dia?"

"Nimekula. Mutie, ongeza klorini. Shuka za madereva wagonjwa wanaolala hapa zinakuja zimechafuka kabisa. Chupa mbili zinaisha siku moja."

"Kila nyumba ni chupa mbili, mpenzi. Ofisi imepiga hesabu, hatari ni ile ile kwa wote. Nikikuongezea, watu watasema nampendelea msichana wangu."

"Ati ile ile? Mama wa duka la nguo anashika nini? Mimi na Mbinya tunashika shuka arobaini!"

"Nataka kuwa mtu wa haki."

Nzilani alikata simu. Mutie hakuwa mtu mbaya. Aliogopa midomo ya watu, na woga huo akauita haki.

Alhamisi Mbinya alianza kuharisha. Ijumaa alifariki kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika. Jioni hiyo Nzilani naye alilazwa, akatundikiwa maji.

Mutie alifika wodini asubuhi na boksi la klorini na glavu, macho mekundu. "Zote ni zako. Waseme wanavyotaka."

"Nani anafua leo?" Sauti ya Nzilani ilikuwa dhaifu.

"Msichana mpya. Ndila."

"Ako na glavu?"

Mutie alilitazama boksi.

"Basi bado hujaelewa. Juzi ulininyima kwa sababu unanipenda, leo unanipa kwa sababu unanipenda. Shuka hazijui kama mimi napendwa! Peleka hilo boksi kwa Ndila, na usinipigie simu."

Mutie alipotoka, Nzilani aligeukia ukuta, akalia. Alimpenda bado, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku ya tano aliruhusiwa. Uani alimkuta Ndila amevaa glavu hadi kwenye viwiko, shuka zimelowekwa kwenye pipa la klorini. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi ya mgao wa klorini yenye muhuri: wanaofua nguo na shuka za wagonjwa kwanza, kisha wauza maji na wapishi, kisha nyumba nyingine.

Mutie alisimama kando, shati limekunjamana. "Nilienda ofisini siku tatu. Walinikaripia, halafu wakakubali."

Nzilani alisoma karatasi mara mbili. "Jina langu haliko."

"Haliko. Kazi yako ndiyo iko."

Hasira ya Nzilani ilianza kulegea.

"Nataka kukuoa, Nzilani."

"Kwetu ni Tawa. Njoo Jumapili uongee na baba." Alifunga upya kitambaa cha manjano. "Lakini tutapitia kwa mamake Mbinya kwanza. Na wewe ndiye utamwambia kwamba niliomba klorini ukakataa."

"Nitamwambia," alisema Mutie.