Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Alkhamisi ile nlipika mchuzi wa papa, nkafunika sahani kwa kitambaa, nkenda kwa kaka yangu Harub. Ilikuwa mwaka wa sabini, miezi michache tangu njia zifunguliwe na sisi wa Unguja turuhusiwe kuingia Maskati. Mimi nlitokea Dar es Salaam na wanangu. Yeye alitokea mbali zaidi, kusini kabisa ya Afrika. Alipanga chumba Sidab, kijiji cha pwani kando ya Maskati, chumba cha mwisho, kimeegemea jabali, jirani hana. Kiarabu chetu kilikuwa kinachekwa siku zile, na Kiswahili hakuwa na wa kusema naye, basi akawa hasemi kitu.

Nlimkuta uani, amechuchumaa mbele ya mawe matatu.

"Kaburi la nani hili, kaka?"

"La Sayyida."

Sayyida ni mkewe. Alikufa Januari ya sitini na nne, katika siku zile za mapinduzi, akatiwa shimo moja na wengine. Wapi, hatujui. Harub hakuwahi kupata pahala pa kukaa akamsomea Fatiha.

"Na ndani mna nini?"

Alinitandikia mkeka. Kisha akanihadithia.

Alipokimbia Unguja alipata kazi katika duka la Muhindi mmoja Mwislamu, nchi ya Wasotho, milimani, kwenye baridi ya kukata mifupa. Siku moja, mwaka wa sitini na saba, mwenzake wa dukani, Mokete, akampeleka Thaba Bosiu, mlima wanakozikwa wafalme wao. Walipanda asubuhi kwa njia ya mawe. Juu ni tambarare, majani mafupi na upepo tu. Makaburi yenyewe hayana fakhari, mawe yaliyopangwa. Mokete akavua kofia, akataja jina lake, la babake na la babu yake, ndipo wakasogea. Kando ya kaburi la Mfalme Moshoeshoe alikaa bibi kizee peke yake, amejifunika blanketi, anayasemesha mawe kama mtu anayempa mumewe habari za nyumbani.

"Nlimuonea wivu, Kheiria," kaka alinambia. "Wallahi, nlimuonea wivu kizee wa watu."

Mokete alipogeuka, Harub alichota gao la udongo, akalifunga kwenye leso. Yule bibi akageuza kichwa, akamtazama. Kisha akarudia kuyasemesha mawe. Wakati wa kushuka Mokete akamnong'oneza, maana naye aliiona leso: udongo wa pale haukai ugenini, ukiupeleka mbali hurudi wenyewe. "Lakini pahala ulipowekwa," akasema, "hupaacha wazi."

Udongo huo ndio Harub aliouzika Sidab, akaweka juu yake mawe matatu, kama wanavyowekewa wanawake hapa Omani.

"Jana nimefukua," akasema. "Leso imo. Fundo sijalifungua. Udongo hamna."

Nlimwambia afukie, aache mambo haya, aje akae kwetu. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi nlirudi. Kishimo kilikuwa wazi bado, kina chake urefu wa mkono.

"Mbona unaendelea kuchimba?"

"Sijachimba."

Nlimtazama kucha. Safi. Nkatazama uani kote, hapakuwa na hata konzi ya mchanga uliotolewa.

Jumatatu shimo lilikuwa la kulaza mtoto. Nlimwita Marhoon, mwenye nyumba. Alichungulia, akasema audhubillahi, akatoka bila ya kuaga.

Jumatano nlifika baada ya adhuhuri. Jua la kuunguza nyayo. Harub kasimama ukingoni, na shimo ni kimo chake. Ubavuni, upande wa kibla, mwanandani, pa kulaza maiti, umekatwa vizuri, kazi ya mtu anayejua kuzika. Nliinama. Baridi ilitoka mle ikanipiga usoni.

"Tulifukie, kaka. Sasa hivi."

Tulisomba kokoto za jabalini kwa karai na kwa mikono mpaka alasiri. Likajaa. Nlikuwa najipangusa jasho, mara akaninong'oneza:

"Kheiria. Kakaa nyuma yako."

"Nani?"

"Usigeuke."

Sikugeuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu. Nlijua ni ukuta tu.

"Anasema nini?"

Harub alikuwa analia, na uso wake umetulia.

"Anasema kachoka kulala na watu asiowajua."

Nlimshika mkono nimvute tuondoke. Mkono wake ulikuwa baridi. Akautoa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nenda kwa wanao. Nnakuja kesho."

Nami nkenda. Hilo ndilo ninalojiuliza mpaka leo.

Asubuhi hakuja. Nlikwenda, nkakuta kajifungia, komeo limetiwa kwa ndani, mlango wa mbele na wa uani. Nligonga, nkaita, mwisho Marhoon akavunja. Chumbani hapakuwa na mtu. Uani hapakuwa na kokoto, wala mawe, wala alama ya shimo. Ardhi kavu, sawasawa.

Marhoon na nduguye walichimba pale pale. Shubiri moja tu, sururu ikagonga jabali. Wakachimba kushoto, wakachimba kulia. Jabali.

"Bibi," Marhoon akanambia, anahema, "hapa hapajachimbika tangu dunia iumbwe."

Walimtafuta siku saba, majabalini na pwani. Khitma tulisoma bila ya maiti.

Mimi ndiye niliyekunja vitu vyake. Mkeka, kanzu mbili, msahafu. Nlipofika kitandani nlisimama. Mto ulikuwa umebonyea pahala pawili, na kati yake palikuwa na kikuba, asumini na mrehani vimefungwa kwa uzi mweupe, kama sisi wanawake tulivyokuwa tukivifunga Unguja kuvitia kifuani.

Kilikuwa kibichi. Kinadondoka maji.

Mwaka ule Sidab nzima hapakuwa na mti hata mmoja wa asumini.